Tour de France inaanza Jumamosi: ukiwatoa Pogačar na Vingegaard, nafasi ya tatu tumweke nani?

MtuWaMakumbusho, Jumanne 1 Julai 2025, saa 3:40 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi. Kuna kitu hapa ofisini kimenikalia vibaya. Derby imeisha, ligi imeisha, watu wamekosa cha kubishania, sasa jamaa mmoja wa uhasibu aliyesoma Ubelgiji kaleta mchezo wa kubashiri Tour de France. Kila mtu elfu kumi, unaandika majina matano kwa mpangilio wa msimamo wa mwisho, halafu unaongeza jezi ya milima na kijana bora. Karatasi zinafungwa Ijumaa mchana, Jumamosi mbio zinaanza Lille, wakifika Paris tarehe 27 mwenye pointi nyingi anazoa zote.

Mimi mpira naujua, baskeli naijua ya kupanda tu. Mwaka jana nilifuatilia kidogo kwa ajili ya yule dogo wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu na jezi ya kijani akabeba, nikajua basi huyu ni moto. Kuja kuangalia msimamo wa jumla yuko huko chini kabisa, siku za milima haonekani hata kwenye picha. Sikuelewa na nikaona aibu kuuliza.

Nimeandika hivi: 1 Pogačar, 2 Van der Poel, 3 Vingegaard, 4 Roglič, 5 Evenepoel. Na kuna Simon Yates katoka kubeba Giro, ile ya Italia ya wiki tatu, juzi juzi tu, mbona kila nikisoma hakuna anayemtaja? Naombeni mwongozo kabla sijaichoma elfu kumi yangu.

chalii_wa_tegeta, saa 3:52 asubuhi

Nimekaa hapa na karanga zangu nasubiri wataalamu. Ila Van der Poel nafasi ya pili mkuu 😂😂 hiyo hela wapelekee uhasibu leo leo wanunulie chai

FundiGia_Kkoo, saa 4:25 asubuhi

Mkuu wa Makumbusho, Van der Poel mtoe sasa hivi kabla hatujaongea chochote. Sio kwamba hajui, yule ni balaa, Paris-Roubaix kabeba tatu mfululizo. Ila Roubaix ni siku moja, ni tambarare ya mawe, mwenye mwili na nguvu anatamba. Jamaa ana kilo kama 75, Vingegaard anacheza kwenye 60 hivi. Kwenye tambarare uzito sio tatizo sana kwasababu adui ni upepo na unaweza kujificha nyuma ya gurudumu la mwenzako. Mlimani spidi inashuka, kujificha hakukusaidii kitu, unabaki wewe na kilo zako. Waliowahi kupanda Kitonga na basi la Mbeya wananielewa, lori lenye mzigo linalia gia ya kwanza linatambaa pembeni na kigari kidogo kinalipita kinaenda zake, na lile lori ndio lenye injini kubwa. Sasa mpandishe Van der Poel Ventoux, kilomita 15.7, mwinuko wa wastani asilimia 8.8, na hiyo ni hatua ya 16, miguu ina wiki mbili za uchovu ndani.

Swali lako la Girmay. Msimamo wa jumla ni muda tu, unajumlisha muda wa hatua zote 21 mwenye muda mdogo anavaa njano. Hatua za tambarare kundi lote linaingia pamoja linapewa muda mmoja, kwahiyo Girmay akishinda anapata sekunde 10 za bonasi na pointi nyingi za kijani, basi. Siku ya mlima anaingia na lile kundi la nyuma, nusu saa baada ya wakubwa, anachopigania ni kufika kabla muda wa mwisho haujapita asije akaondolewa mashindanoni. Ni kazi tofauti kabisa, watu wanaibeza kwasababu hawaioni kwenye tivii.

Haya tuje kwenye hela. Tangu 2021 nafasi mbili za juu za Tour ni watu wawili walewale. 2021 Pogačar kisha Vingegaard, 2022 na 2023 Vingegaard kisha Pogačar, mwaka jana Pogačar kisha Vingegaard. Ofisi yako nzima itaandika hivyo, hapo hakuna mtu atamzidi mwenzie pointi. Hela iko nafasi ya tatu kushuka. Angalia waliokaa hapo: Carapaz, Geraint Thomas, Adam Yates, Evenepoel. Kila mwaka sura mpya. Carapaz mwenyewe mwaka huu hayupo, tumbo limemuweka nje wiki iliyopita.

Mimi wa tatu namweka João Almeida wa UAE, timu ya Pogačar. Mwaka huu kwenye mbio za wiki moja kabeba Nchi ya Basque, kabeba Romandie, majuzi kabeba na Uswisi, na Uswisi hatua ya kwanza walimwacha zaidi ya dakika tatu, watu wakamfuta, akazirudisha moja moja mpaka akamaliza kazi siku ya mwisho kwenye mlima dhidi ya saa, yani kila mtu anapanda peke yake anapimwa muda. Mtu wa hivyo humkatii tamaa.

Bi_Spoku, saa 5:10 asubuhi

Fundi nimekwenda na wewe vizuri mpaka ulipofika Almeida. Hizo mbio tatu alizobeba alikuwa yeye ndiye bosi, wenzake wanamfanyia kazi. Jumamosi anaenda kuwa mfanyakazi wa Pogačar. Atavuta kundi kilomita tano za mlima mpaka miguu igome, Pogačar ataondoka, yeye atabaki anapumua anaangalia wengine wanampita. Mnakumbuka Galibier mwaka jana, hatua ya nne, anamwonyesha Ayuso kwa mkono pita mbele uvute na wewe, Ayuso kajificha nyuma huko? Uso wa Almeida siku ile ulikuwa unasema kila kitu.

Na hapa ndio jibu la Simon Yates pia kaka. Giro kabeba kweli na kabeba kiume. Siku moja kabla ya kumaliza alikuwa wa tatu, dakika 1 na sekunde 21 nyuma ya del Toro, wakafika Colle delle Finestre, ule mlima wenye changarawe juu. Del Toro na Carapaz wakaanza kuviziana, kila mmoja anataka mwenzie ndio amfukuze Yates, huku Yates anazidi kwenda. Na kule ng'ambo ya mlima Visma, timu ya Yates, walishamtanguliza Wout van Aert kwenye kundi la waliochomoka asubuhi, kazi yake moja tu, kumsubiri Yates amvute bondeni. Wale wawili wanaviziana, huyu anavutwa na mtu mwenye nguvu za trekta. Akaja kumaliza Giro na dakika 3 na sekunde 56 juu ya del Toro. Na ni mlima uleule uliomvunja 2018 akiwa na jezi ya pinki ya kiongozi siku ile Froome alipoondoka peke yake kilomita 80.

Lakini Tour anakuja kumsaidia Vingegaard, wako timu moja. Wala usishangae ukimwona siku fulani anaachia kundi linaondoka, anapoteza dakika kumi makusudi, ili kesho yake akichomoka asubuhi UAE wasihangaike kumfukuza, halafu awe mbele huko anamsubiri bosi wake vilevile alivyosubiriwa yeye. Kabla hujaandika jina lolote jiulize kwanza huyu mtu ana ruhusa ya kwenda na kasi yake, au ana bosi. Adam Yates pacha wake naye yuko UAE, habari ileile, ndugu wawili kila mmoja punda wa mtu.

Mimi wa tatu namweka Florian Lipowitz.

chalii_wa_tegeta, saa 5:14 asubuhi

Lipo nani??

Bi_Spoku, saa 5:31 asubuhi

Lipowitz. Mjerumani, miaka 24, zamani alikuwa mtu wa biathloni, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na bunduki mgongoni, kwahiyo mapafu yapo. Machi kawa wa pili Paris-Nice. Aprili wa nne Nchi ya Basque. Na Juni kwenye Dauphiné, ambayo ndio mtihani wa majaribio wa Tour, wa kwanza Pogačar, wa pili Vingegaard, wa tatu Lipowitz, Evenepoel nyuma yake. Hiyo ilikuwa wiki mbili tu zilizopita, kwenye milima ya Alps, wakubwa wote wapo na wanakimbia kweli. Kama kuna karatasi ya majibu imevuja ni hiyo hapo.

Watu watasema Red Bull, timu ya Lipowitz, bosi ni Roglič. Sawa. Roglič nampenda, Vuelta (ile ya Hispania) nne na Giro moja sio mchezo, ila Tour na yeye hawaivi. 2021 alianguka akatoka, 2022 akaanguka akatoka, 2024 akaanguka akatoka, na Giro ya mwaka huu vilevile hakumaliza. Miaka 35 hiyo. Akitetereka wiki ya kwanza timu inahamia kwa kijana.

mwana_takwimu, saa 6:02 mchana

Naona hamjamgusa Evenepoel. Bingwa wa Olimpiki mara mbili kwenye michezo ileile, bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa 2023 na 2024, mwaka jana kwenye Tour yake ya kwanza kawa wa tatu na kashinda hatua. Safari hii hatua ya 5 pale Caen kuna kilomita 33 za saa, tambarare, peke yako. Kwenye Dauphiné mbio za saa alizishinda yeye na Pogačar akawa wa nne. Caen atawapa wapandaji wa milima wengi dakika nzima kabla hata mlima mmoja haujaonekana. Mimi 3 Evenepoel.

FundiGia_Kkoo, saa 6:20 mchana

Mwana takwimu hesabu yako ni nzuri ila ihesabu mpaka mwisho. Mwaka jana Evenepoel kawa wa tatu akiwa nyuma ya Pogačar dakika 9 na sekunde 18, na mwaka jana pia alishinda mbio za saa. Zilikwenda wapi hizo sekunde? Milima ilizila. Mwaka huu saa ya tambarare ni Caen peke yake, ile nyingine ya hatua ya 13 ni kilomita 10.9 kupanda Peyragudes, hiyo ni mlima umevalishwa nguo za saa. Halafu Desemba aligonga mlango wa gari la posta akiwa mazoezini, akavunjika, akakosa msingi wote wa majira ya baridi, karudi mbioni Aprili. Huo msingi ndio unaoliwa wiki ya tatu. Jezi nyeupe, ya kijana bora, namkubalia maana kazaliwa 2000 na bado anahesabiwa kijana, wa tatu hapana.

MtuWaMakumbusho, saa 7:05 mchana

Aisee asanteni, hapa nimejifunza kuliko wiki nzima ya kusoma mwenyewe. Ila mnaposema wiki ya tatu wiki ya tatu, kuna nini huko? Mtu akiwa mzuri wiki ya kwanza si ndio mzuri?

MzeeWaPugu, saa 7:48 mchana

Vijana mnahesabu sana, ila swali la huyu bwana ndilo lenyewe.

Mbio za wiki moja zinampa zawadi mwenye kilele kirefu. Wiki tatu zinampa zawadi asiye na siku mbaya. Mwili ukikimbia saa tano leo, saa tano kesho, mlima keshokutwa, unaanza kugoma kula, usingizi unakuwa mwepesi, na hawa watu inabidi wameze wanga gramu 90 mpaka 120 kila saa wakiwa juu ya baskeli, gramu ambazo tumbo la mtu aliyechoka linazikataa. Siku tumbo likikataa ndio siku unamwona bingwa anapigwa na watu wa kawaida. Pogačar yuleyule mnayemwogopa, 2023 Col de la Loze, hatua ya 17, alisema kwenye redio kwamba amekwisha, amekufa. Siku ile tu alipoteza dakika 5 na sekunde 45 kwa Vingegaard. Siku moja kati ya 21. Wiki ya kwanza alikuwa anacheka na mashabiki.

Sasa tazameni ramani ya mwaka huu waandaaji wamefanya nini. Siku tisa za mwanzo wako kaskazini na magharibi, vilima vifupi vifupi na upepo wa bahari. Mlima wa kwanza wa kueleweka ni tarehe 14 Julai. Halafu ndio Hautacam hatua ya 12, Superbagnères ya 14, Ventoux ya 16, Loze ya 18, La Plagne ya 19. Hatua ya 18 peke yake ina Glandon, Madeleine na Loze, jumla ya kupanda ni zaidi ya mita 5,000, na kileleni uko mita 2,304 ambako hewa yenyewe ni ya kugombania. Kwahiyo usichague mtu wa kilele cha Juni. Chagua aliyewahi kumaliza wiki ya tatu akiwa mzima. Huyo Lipowitz wa binti yangu hapo juu, Vuelta mwaka jana alimaliza wa saba, ndio ushahidi pekee tulionao juu yake.

Na msisahau barabara ina mawazo yake. 2023 siku ya kwanza kabisa pale Bilbao, Enric Mas na Carapaz walianguka wakiwa wote kwenye karatasi za watu, mmoja hakumaliza hatua, mwingine kesho yake hakuanza. Lille ni nchi ya upepo wa pembeni. Upepo ukipiga, kundi linakatika vipande, ukiwa kipande cha nyuma unapoteza sekunde 40 kwenye tambarare bila kupanda hata tuta. Roglič na Evenepoel niwekeeni alama hapo, mara nyingi unawakuta nyuma nyuma.

Mimi nafasi ya tano naweka mtu ambaye hakuna atakayemuweka. Oscar Onley, Mskoti. Uswisi kamaliza wa tatu nyuma ya Almeida na Vauquelin. Hana kelele.

chalii_wa_tegeta, saa 7:55 mchana

Shikamoo mzee. Huyo Onley wa kwako ana ndugu Ilala au umemtoa wapi 😂

MzeeWaPugu, saa 8:10 mchana

Marahaba kijana. Nimemtoa kwenye kuangalia mbio badala ya kula karanga.

Bi_Spoku, saa 8:30 mchana

😂😂😂 Mzee kamaliza kikao.

Ila naomba nirudi kwenye hao wawili wa juu maana Fundi kasema tusiumize kichwa. Kama mchezo wenu unatoa pointi kwa nafasi kamili, kuna kitu cha kuangalia. Hautacam 2022 Vingegaard alimwacha Pogačar. Ventoux 2021 alimwacha karibu na kileleni, hiyo ndio siku dunia ilipomjua. Loze 2023 mzee kashaeleza. Milima mitatu ambayo Pogačar kaumizwa yote imerudi mwaka huu, na imepangwa wiki ya pili na ya tatu. Mimi sijui kama waandaaji wamekusudia, ila Visma watakuwa wamelala nayo hiyo ramani chini ya mto.

FundiGia_Kkoo, saa 8:52 mchana

Dada huyo Pogačar wa 2022 na 2023 sio huyu. Yule alikuwa anashambulia kila siku kama hana kesho, na joto na vimo vikubwa vilikuwa vinamsumbua. 2024 kabadilisha kocha, kabadilisha mazoezi, kabeba Giro kwa karibu dakika kumi, akaja Tour akabeba kwa dakika 6 na sekunde 17, hatua sita kila moja. Giro na Tour mwaka mmoja alikuwa hajafanya mtu tangu Pantani 1998. Isola 2000 ina vimo vikubwa na alipiga hapo, Plateau de Beille joto lilikuwepo na alipiga hapo.

Vingegaard mwaka jana ana sababu, Aprili alianguka Nchi ya Basque pafu likaingia hewa, mbavu zikavunjika, na bado miezi mitatu baadaye kamaliza wa pili. Mwaka huu kaja mzima na bado Dauphiné kapigwa milimani siku mbili mfululizo, Combloux na Valmeinier. Mwisho tofauti sekunde 59. Kimuda sio nyingi, ila Pogačar zile kilomita za mwisho alikuwa amekaa kwenye siti anageuka kuangalia nyuma. Mtu aliyefika mwisho wa nguvu hageuki.

mwana_takwimu, saa 9:01 alasiri

Kweli alikuwa anageuka. Ila kumbuka kwenye ile ya saa Vingegaard alimpita.

FundiGia_Kkoo, saa 9:06 alasiri

Kilomita 17 za saa. Mpe hizo, Hautacam atazirudisha na riba.

MtuWaMakumbusho, saa 10:15 alasiri

Hapa nimerudi kwenye karatasi. Maswali mawili ya mwisho wakuu. Jezi ya milima, ile nyeupe yenye madoadoa mekundu, hiyo si lazima iwe ya mpanda milima mzuri kuliko wote? Na la pili, Sepp Kuss naona jamaa wa uhasibu kamuweka wa tano, anasema aliwahi kubeba Vuelta.

Bi_Spoku, saa 10:40 alasiri

Kuss alibeba Vuelta 2023 kweli, ila kisa chake ni cha peke yake. Hatua ya sita alichomoka na kundi la asubuhi, wakubwa wakaliacha liende, akapata dakika, siku mbili mbele akavaa jezi nyekundu ya kiongozi. Vingegaard na Roglič wenzie wa timu wakawa nyuma yake, mwisho timu ikaamua wamuachie, wakamaliza Kuss, Vingegaard, Roglič, tatu bora yote ya Visma. Hiyo timu mwaka ule ilibeba Giro, Tour na Vuelta zote. Sasa Julai hii akichomoka hivyo UAE hawatamwachia hata dakika mbili, kwasababu waliiona ile. Uhasibu wako muache na Kuss wake, akila hela mimi nakulipia wewe.

Visma ukitaka mtu wa kuweka mbali na Vingegaard ni Matteo Jorgenson. Paris-Nice kabeba mara mbili mfululizo, mwaka jana Tour wa nane huku anafanya kazi.

MzeeWaPugu, saa 11:20 jioni

Jezi ya madoadoa. Pointi zinachukuliwa vileleni, na milima mikubwa zaidi inatoa nyingi zaidi. Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza mtu amepotea kwenye msimamo, hana cha kulinda, anachomoka kila asubuhi anaokota vilele mmoja mmoja, Ciccone 2023 na Carapaz 2024 walipita hapo. Ya pili inamwangukia mwenye njano bila hata kuitafuta, kwasababu hatua zinaishia kileleni na yeye ndiye anayefika wa kwanza. Pogačar 2020 na 2021, Vingegaard 2022. Hesabu hatua zinazoishia juu mwaka huu kisha niambie ni njia ipi. Ukitaka kubahatisha kuna kijana wa Kifaransa Lenny Martinez, katoka kushinda hatua ya mwisho ya Dauphiné, ila mimi ningemwandika Pogačar sehemu zote mbili.

Nje ya mada kidogo. Septemba mashindano ya dunia yako Kigali, mara ya kwanza Afrika, na hawa hawa mnaowabishania watapita kwenye vilima vya jirani zetu. Basi la Kigali linatoka hapa hapa Dar. Kuna kundi la waendesha baskeli wa asubuhi Bagamoyo Road wanajiandaa kwenda, mwenye nia atafute nafasi mapema, nyumba za kulala zitajaa.

chalii_wa_tegeta, saa 11:26 jioni

Mzee hapo umenigusa, Kigali naenda kumwona Girmay. Na Tour tunaangaliaje, maana hatua zinaisha saa ngapi huku kwetu

Bi_Spoku, saa 11:41 jioni

Nyingi zinaisha kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, yani ukiwa umekwama Mwenge kwenye foleni. Pakua bando la kutosha. Kama utaangalia chache tu angalia 12, 16 na 18, na usiache dakika 20 za mwisho za siku ya Caen.

MtuWaMakumbusho, saa 1:30 usiku

Haya wakuu hii hapa ndio ninayopeleka Ijumaa:

1 Pogačar, 2 Vingegaard, 3 Lipowitz, 4 Almeida, 5 Adam Yates. Jezi ya milima Pogačar. Kijana bora Evenepoel.

Roglič nimemtoa kwa uchungu. Van der Poel kafa saa nne asubuhi.

Bi_Spoku, saa 1:44 usiku

Karatasi yako inajipinga. Kama Lipowitz ni wa tatu na Evenepoel hayumo kwenye watano, kijana bora anakuwaje Evenepoel? Lipowitz naye kazaliwa 2000, jezi nyeupe inakwenda kwa kijana wa juu kwenye msimamo. Chagua moja, au Evenepoel awe juu yake au nyeupe iwe ya Lipowitz.

FundiGia_Kkoo, saa 1:50 usiku

Na Adam Yates na Almeida wote UAE, wote kazini kwa mtu mmoja, usiweke wawili kwenye tano bora. Toa Adam ingiza Jorgenson.

MzeeWaPugu, saa 2:05 usiku

Au Onley.

MtuWaMakumbusho, saa 2:12 usiku

Nyeupe naihamishia kwa Lipowitz. Nafasi ya tano naiacha wazi mpaka Alhamisi usiku, mzee ananitia majaribuni.